Jiko la Valvu ya Kwanza

Nisikilize kidogo, wewe uliyebaki na meza yangu. Siku niliyorudisha funguo ulinisindikiza mpaka mlangoni, ukaniuliza kwa nini kila amplifaya ya zamani iliyopita mikononi mwangu ina kipande cha bati kilichofungwa kwenye waya, chenye umbo la jiko la mkaa. Watu walikuwa wamesimama juani wakisubiri kuniaga, nikakujibu kwa mzaha kwamba ni hirizi. Si hirizi. Sasa nina nafasi ya kukueleza vizuri. Vyeo na mishahara nitaviruka, maana havijawahi kumsaidia mtu kutengeneza kitu.

Enzi za Mwingereza, kabla sijajua kwamba umeme una sauti, nilikuwa fundi bati pale Iringo, Musoma. Nilikata madebe matupu nikatengeneza koroboi, makarai, mabirika na majiko. Siku moja alikuja mtu mrefu mwenye kofia ya jeshi iliyopauka, ameshika kisanduku cha redio kilichoachia kona. Nilikichomea palepale. Akakigeuza, akakwaruza kiungo kwa ukucha, akasema:

"Mkono wako hautetemeki, Hamisi. Utatengeneza koroboi mpaka lini?"

"Mpaka watu waache kuogopa giza, Mzee."

"Basi hutamaliza. Njoo kwangu Mwigobero."

Huyo alikuwa Fundi Rajabu, mtu wa Ujiji. Redio alijifunza jeshini wakati wa vita, akarudi na maarifa yake kichwani. Alisema ni bahati hakuyaweka kwenye begi, maana begi lilipotea njiani.

Siku ya kwanza nilifika na vyombo vyangu vyote, pamoja na chupa ya asidi tunayopaka bati ili lishike risasi. Rajabu alinusa tu. "Hiyo iache nje. Kwenye birika inashikisha. Kwenye redio inakula waya polepole, halafu mwenye redio anarudi hapa akisema nimemroga." Akanipa donge la ulimbo mkavu, rangi ya asali, nilitumie badala ya asidi, akaniwekea redio iliyokufa, na kwa muda mrefu kazi yangu ikawa kufungua nyaya na kuzirudisha, kufungua na kuzirudisha. Nilidhani ananidharau. Kumbe alikuwa ananifundisha kuchoma bila kuunguza, jambo ambalo fundi wa makarai halimsumbui sana.

Kibanda chetu kilikuwa karibu na mahali mitumbwi inapotia nanga. Betri za redio zililetwa kutoka vijiji vya ziwani zikiwa zimebanwa katikati ya magunia ya dagaa, na tukishazichaji zilirudi zikinuka vilevile. Tulizitambua kwa vitambaa vilivyofungwa kwenye mishikio, lakini wenyewe walizitambua kwa harufu. Kuna mteja mmoja alikataa katakata betri yake mwenyewe kwa sababu nilikuwa nimeiosha.

Sasa tuje kwenye valvu. Wewe umekulia kwenye transista, kwa hiyo nivumilie. Valvu ni chupa ya kioo iliyotolewa hewa. Katikati yake kuna kijibomba chembamba kilichopakwa dawa nyeupe, na ndani ya kijibomba hicho kuna waya. Kazi ya waya huo ni moja tu, kupasha moto kijibomba. Kikishapata moto, kile kijibomba hutoa kitu ambacho Rajabu alikiita jasho la umeme, na jasho hilo ndilo tunalolichunga ili sauti ndogo iwe kubwa. Kijibomba kikiwa baridi hakuna jasho, na pasipo jasho hakuna sauti. Ndiyo maana valvu hula mara mbili. Inapewa umeme wa nguvu kwa ajili ya kazi, na inapewa umeme mdogo, wa volti sita na kidogo, kwa ajili ya joto tu. Chakula hiki cha pili ndicho kinachosahaulika, kwa sababu hakionekani kufanya lolote zaidi ya kung'aa wekundu hafifu.

Kwa ajili ya wekundu huo, Musoma nzima iliita valvu "taa". Nasi kibandani tulisema hivyo hivyo: taa ya kwanza, taa ya pili, betri ya taa. Lilikuwa neno rahisi na kila mteja alilielewa. Liweke akilini neno hilo.

Amplifaya yangu ya kwanza niliyoiunga peke yangu ilikuwa na valvu nne, na niliupeleka ule umeme wa joto kwa waya mwembamba, kwa kuwa ulikuwa unapinda vizuri. Nilipima kwenye transfoma, nikapata volti kamili, nikajisifu. Rajabu akachukua mita, akapima kwenye miguu ya valvu ya nne. Haikufika hata tano.

"Uji umepikwa wa kutosha," akasema, "lakini mtoto wa mwisho amekomba sufuria."

Umeme wa joto ni mwingi ingawa volti zake ni chache, na waya mwembamba huula njiani. Tumia waya mnene, na upime pale unapoliwa, si pale unapopikwa. Mpaka leo sijaona fundi aliyejuta kwa kuweka waya mnene mno.

Nilijifunza pia kwamba si kila redio inalisha valvu zake bega kwa bega, kila moja ikijichotea yenyewe. Nyingine zimefungwa mfululizo, umeme unatoka ya kwanza unaingia ya pili, mpaka ya mwisho. Mwalimu mmoja kutoka Butiama alikuja na redio ya namna hiyo, ameikumbatia kama mtoto mwenye homa.

"Fundi, zote tano zimekufa siku moja. Hii si bure. Kuna jirani yangu mmoja..."

"Mwalimu," Rajabu akamkatiza taratibu, "uzi wa shanga ukikatika, shanga zote zinadondoka. Hatuhesabu shanga. Tunatafuta uzi ulipokatikia."

Tukapima moja moja, tukaipata iliyokatika, tukaibadilisha, na zote tano zikawaka. Mwalimu alifurahi sana, ingawa nilimwona akisikitika kidogo kumpoteza yule jirani.

Kesi iliyozaa lile bati ilitokea Bunda, msimu wa kuuza pamba.

Bwana Salum, mtu wa asili ya Tabora, alikuwa na hoteli ya chai karibu na kiwanda cha kuchambulia pamba, na kiwanda kilimvutia waya wa umeme kutoka jenereta yao. Alinunua amplifaya iliyokwisha kutumika, spika mbili, maikrofoni na gramafoni. Kisha akatuita. Tulipanda lori Ijumaa asubuhi, tukafika tumekuwa weupe kwa vumbi.

"Sikilizeni wenyewe," alisema, akaiwasha. "Inanguruma kama ng'ombe aliyemeza nyuki."

Kwenye kiti kilichokuwa barazani alikaa mzee mwembamba, amepakata litungu, ile ala ya nyuzi nane yenye tumbo la mti lililofunikwa ngozi. Alikuwa Mzee Wambura kutoka kijiji cha Buswahili. Kila msimu, siku ya Jumamosi, wakulima wakishapima pamba zao walikuja kunywa chai na kumsikiliza akiimba habari zao. Kiti kile kilijulikana kuwa chake. Lakini mwaka ule alikuwa ameugua kichomi, na kichomi kilipoondoka kiliondoka na nusu ya sauti yake.

Bwana Salum hakuficha kitu. "Mzee Wambura ni mtu wangu. Lakini siku hizi watu wanakuja na malori, kelele zimezidi, hawamsikii. Kesho atapiga kwa mashine. Akisikika mpaka pale kwenye mizani ya pamba, kiti chake hakiguswi na mtu. Asiposikika, jamani, santuri haiugui kichomi."

Mzee alikuwa ameinamia litungu, anazungusha nyuzi kwenye mti wa juu, moja moja, anatega sikio upande wa spika.

"Mzee, unafanya nini?" nikamuuliza.

"Nachukua sauti ya mwenzangu, mwanangu. Nasikia yupo chini pale, anaimba. Natafuta tukutane."

Alikuwa anafuatisha mvumo wa mashine! Mara kiwandani wakaongeza pamba, injini ikazidiwa, jenereta ikapunguza mwendo, na ule mvumo ukashuka. Mzee akakunja uso, akaanza kulegeza nyuzi zake upya.

"Huyu mwenzenu ana sauti nzuri," akasema, "lakini hana msimamo. Akishiba tu pamba, anashuka."

Rajabu alicheka mpaka akavua kofia. "Mzee wangu, huyo si mwimbaji. Huyo ni mgonjwa. Tumekuja kumtibu."

"Mkimtibu atanyamaza?"

"Atanyamaza."

"Haya. Nilikuwaga napiga peke yangu, nitapiga peke yangu."

Tukaifungua mashine. Aliyeiunga alikuwa amezilaza nyaya za joto popote zilipoangukia, moja huku nyingine kule, na nyingine zilikuwa zinapita juu kabisa ya waya wa maikrofoni. Umeme wa jenereta huenda na kurudi, huenda na kurudi, na kila waya unaobeba umeme huo hunong'ona. Dawa yake ni kuzisokota nyaya mbili pamoja kama ukili, ili moja inapokwenda nyingine iwe inarudi pale pale, na mnong'ono wa moja uzimwe na wa mwenzake. Fikiria watu wawili wanaotwanga kinu kimoja: mchi wa huyu ukiwa juu, wa yule uko chini, na kinu hakiyumbi. Nikazisokota, nikazisukumiza kwenye kona za bati, mbali na waya wa maikrofoni. Mvumo ukapungua zaidi ya nusu.

Uliobaki ulitoka kwenye valvu ya kwanza. Hiyo ndiyo inayopokea sauti ya maikrofoni, ambayo ni ndogo mno, na kila kinachonong'onwa karibu yake hukuzwa na valvu zote zinazofuata. Joto lake lenyewe, kwa kuwa lilikuwa la umeme wa kwenda na kurudi, lilikuwa linaisumbua. Rajabu akafikiri kidogo, kisha akamwomba Bwana Salum betri ya volti sita ya lori lake la zamani. Tukaiondoa valvu ya kwanza kwenye joto la jenereta, tukaipa joto la betri, upande mmoja wa betri tukauunga kwenye bati la mashine. Umeme wa betri hauendi na kurudi, unatiririka upande mmoja tu kama mto. Valvu nyingine tukaziacha kwenye joto la jenereta, maana zinapokea sauti iliyokwisha kukua na hazisumbuki kwa mnong'ono mdogo. Mwisho nikaitengenezea valvu ya kwanza kofia mpya ya bati ya kuikinga. Mvumo ukaisha kabisa. Mzee Wambura alikohoa barazani, mbele ya maikrofoni, na kuku waliokuwa nyuma ya nyumba wakakimbia.

Kumbuka jambo moja: gramafoni haikuingia kwenye valvu ya kwanza. Sauti ya santuri ni kubwa tayari, kwa hiyo iliingilia valvu ya pili.

Tukamwita Masatu, mtu mzima mtaratibu aliyesimamia kaunta na ndiye angeitunza mashine. Nikamwonyesha. "Hii ni betri ya taa. Isipungue nguvu."

"Betri ya taa," akarudia. "Nimeelewa, Fundi. Nitaitunza."

Jumamosi mchana baraza ilijaa, na waliokosa nafasi walikaa juu ya magunia mpaka karibu na mizani. Santuri ikapigwa kwanza, ikasikika vizuri sana. Kisha Bwana Salum akainyamazisha, Mzee Wambura akasogezewa maikrofoni, akaanza.

Hakikutoka kitu. Tuliona vidole vikitembea kwenye nyuzi, tuliona midomo, lakini spika zilikuwa kimya. Walioketi miguuni pake walisikia kidogo. Wengine wote walianza kupiga kelele.

"Mzee, tia chumvi!"

"Sauti ameisahau Buswahili!"

"Rudisheni santuri bwana, tumechoka!"

Bwana Salum alikuja tuliposimama, hakumtazama mzee. "Fundi, mashine ni nzima, si mmesikia santuri? Mmefanya kazi yenu. Ni yeye tu. Mimi nilitaka, mashahidi ninyi, lakini sauti haipo." Mkono wake ulikuwa tayari juu ya gramafoni.

Mzee aliyasikia yote. Hakuacha kupiga. Alinitazama mara moja, akarudisha macho kwenye nyuzi zake.

Rajabu akanigeukia kama tuko kibandani Mwigobero na hakuna mtu mwingine.

"Santuri inaingilia wapi?"

"Valvu ya pili."

"Na mzee?"

"Ya kwanza."

"Basi nani hajafika kazini leo?"

Nikaenda kwenye mashine. Nilizipitishia mkono valvu moja moja, zote zilikuwa zinaunguza. Nikaweka kidole kwenye kofia ya valvu ya kwanza, ile niliyoitengeneza mwenyewe, na ambayo kwa kuifunika valvu iliuficha wekundu wake. Ilikuwa baridi kama koroboi iliyokaa dukani. Nikaufuata waya wake mpaka chini ya meza. Kichwa cha waya kilikuwa kimechomolewa kwenye betri, kikafungwa karatasi safi, na juu ya betri kulikuwa na kitambaa cha kuzuia vumbi.

"Ni mimi, Fundi," Masatu akasema nyuma yangu, na alisema kwa fahari. "Ulisema betri ya taa isipungue nguvu. Sasa jua lote hili, taa ya nini? Nimeitunzia jioni."

Bunda nzima siku ile hakukuwa na mtu mwenye akili zake ambaye angewasha taa saa nane mchana. Alikuwa amefuata neno tulilompa, na alilifuata vizuri kuliko sisi.

Nikarudisha waya. Nilitaka kuongeza sauti, kutikisa maikrofoni, kufanya chochote. "Usiguse kitu," Rajabu akasema. "Ipe nafasi ipate moto." Kisha kwa Bwana Salum: "Bwana, chai hiyo mkononi ni ya moto?"

"Ya moto, ndiyo."

"Inywe taratibu. Ukiimaliza hujamsikia, weka santuri."

Bwana Salum akapuliza chai yake, akanywa. Waliokuwa nyuma walikuwa wanazomea sasa. Kisha, kwa mbali, kama mtu anayezungumza nyuma ya ukuta, litungu likaanza kuja. Halikuja kwa kishindo. Lilikua, uzi baada ya uzi, kadiri kile kijibomba kilivyozidi kupata moto, na nyuma yake ikaja sauti ya mzee, nyembamba, yenye mkwaruzo wa kichomi, lakini kila neno limesimama. Kwa kuwa hakuwa ameacha kuimba, tulimkuta katikati ya ubeti. Alikuwa anawaimba wapimaji wa pamba, ambao vidole vyao vina mazoea ya kupumzika juu ya mizani gunia la mkulima likiwa limening'inia.

Baraza ikanyamaza. Halafu kutoka kule kwenye mizani mtu akapiga ukelele:

"Tumekusikia, Mzee! Vidole tumeondoa!"

Kicheko kilichofuata kilimfanya Bwana Salum amwage chai iliyobaki. Aliondoa mkono kwenye gramafoni, akaifunika kwa taulo, na haikufunuliwa mpaka jua lilipoinama.

Jioni nilimsaidia mzee kufunga litungu kwenye kitambaa chake. "Mwanangu," aliniambia, "mimi nilijua nimekwisha. Nikasema basi, wimbo huu niufikishe, nisiuache njiani."

Tuliporudi Bunda msimu uliofuata, kiti chake kilikuwa barazani pale pale, kimeongezwa mto.

Ndani ya lori la kurudi Musoma, tulipokuwa tunakaribia mji, Rajabu akasema, "Neno taa limefukuzwa kazi leo."

"Tuitaje sasa?"

"Kule Iringo ulikuwa unatengeneza nini zaidi ya koroboi?"

"Makarai. Mabirika. Majiko."

"Jiko," akasema. "Hakuna anayezima jiko kwa sababu kumekucha. Unalizima chakula kikiiva."

Kesho yake nilikata bati, umbo la jiko la mkaa, nikalituma Bunda kwa dereva, na Masatu alilifunga kwenye waya wa betri kwa mkono wake. Nasikia aliwaeleza wateja maana yake miaka mingi, na alikuwa anaeleza vizuri kuliko mimi. Tangu hapo sikuwahi kukabidhi mashine bila bati hilo, wala bila kumwuliza anayeipokea anieleze kwa maneno yake kila waya unafanya nini.

Mashine za namna hii bado zipo, kwenye stoo za makanisa, kwenye kumbi, kwenye nyumba za watu waliorithi. Ikiletwa moja mezani kwako na mwenye nayo akisema santuri inasikika ila mwimbaji hasikiki, usibishane naye. Iwashe. Subiri muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai. Mkono mmoja uweke mfukoni, ili umeme usipate njia ya kukupitia kifuani, usiingize kidole chini ya bati penye umeme wa nguvu, na kwa mgongo wa kidole cha mkono wa pili gusa kofia ya valvu ya kwanza. Ikiwa baridi, zima, kisha fuata waya wa jiko lake mpaka mwisho. Fanya hivyo kabla hujamwambia mtu yeyote kwamba sauti yake ni ndogo.